Karani na Kamba ya Saa Kumi

Karani alinisajili kwenye timu yake kwa kunipima kwenye mizani ya majani chai. Sikuwa nimeomba kupimwa wala kusajiliwa. Mke wangu alikuwa na malaria, kwa hiyo asubuhi ile mimi ndiye niliyebeba gunia letu hadi kituo cha kununulia chai kilichoko mlimani juu ya Kiogoro, na nilipolitua nilikuwa nahema kiasi cha kuwanyamazisha akina mama waliokuwa kwenye foleni. Karani alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe si ni yule wa bima?"

Nikakubali kwamba ndiye.

"Shika hapo," akasema, akinionyesha ndoano ya mizani iliyoning'inia kwenye boriti.

Mpaka leo sijui kwa nini nilitii. Nilishika kwa mikono miwili, nikakunja magoti, nikaning'inia mbele ya majirani zangu wote. Karani akasoma mshale kwa sauti iliyofika barabarani: "Tisini na moja. Toa moja ya gunia. Tisini." Gunia lilikuwa suti yangu ya kazini.

Wale mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Karani hakucheka. Alisema, "Unatufaa. Tuko watatu, tunatafuta wa nne. Kwa ile boti tunataka mtu mzito, upepo isitupeleke." Kisha akaniuliza kama gunia langu lina majani makavu, akaingiza mkono ndani kuhakikisha, akayatoa mawili, akanirudishia.

Mashindano yenyewe nitayaeleza kwa ufupi, maana wengi huku bado wanadhani ni maandamano. Ni mbio za timu za watu wanne, mara moja kwa mwaka. Mnaanza asubuhi Kiogoro kwa miguu, mnachukua baiskeli hadi Keroka, mnavuka bwawa kwa boti ya mpira mkipiga kasia wenyewe, mnapita kwenye mashamba ya chai ya Nyamira mkibeba mfuko wa mchanga kwa zamu, halafu mnapanda mwamba wa Manga. Huko juu watu wawili wameshika kamba iliyokata njia. Kila mmoja wenu lazima aiguse kamba hiyo kabla ya saa kumi, na mwandishi aandike majina yenu. Saa kumi ikifika kamba inakunjwa. Mkitaka, mnaweza kumwacha mmoja njiani mkamaliza watatu. Majina matatu yataandikwa na la nne litapigwa mstari.

Karani alitaka kitu kimoja tu katika mambo haya yote: majina yetu manne yaandikwe siku moja. Ushindi hakuwahi kuutaja. Kulikuwa na timu za wanariadha wa kweli, waliofika Manga saa sita mchana na kukaa kivulini wakila mutura huku sisi tukiwa bado tunabishana na mnyororo wa baiskeli kule Keroka. Karani hakuwaonea wivu. "Wale hiyo ndiyo kazi yao," alisema. "Sisi tuko na kazi zetu, na hii tumeongeza." Lakini majina manne aliyataka kweli kweli, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba goti lake la kulia halina miaka mingi ya milima. Alikuwa na umri ambao akina mama wengine huanza kutafuta kiti kabla ya kuamkua watu.

Timu ilikuwa yeye, mimi, Ombati na Nyaboke. Ombati ana bucha Keroka, mwili mkubwa, moyo laini, mtu anayeweza kuchinja ng'ombe na kisha akashindwa kumfukuza mbwa mlangoni. Nyaboke anafundisha watoto wa chekechea, na alikuwa mwepesi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Yeye alimwita Karani "Baba", na hilo nitalirudia, kwa sababu lilituletea mkasa.

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Karani ni kwamba hakuwa na subira. Benki mjini Kisii aliingia kwenye foleni, akatoka, akazunguka soko la ndizi, akarudi, akatoka tena. Alikuwa Msabato safi, shemasi kabisa, lakini mhubiri akipitisha saa sita alianza kukusanya vitabu vya nyimbo kwenye viti, kimoja kimoja, kwa kelele ya makusudi. Akiambiwa gari lingoje abiria lijae, alishuka akaenda kwa miguu. Kituoni kwake mama aliyechelewa kufungua gunia aligombezwa, na mama aliyewahi kulifungua naye aligombezwa kwa kuwa majani yatapata jua.

Mtu huyohuyo, mkimweka mlimani na watu watatu waliochoka, aligeuka kuwa mwingine. Alitangulia, kwa sababu miguu yake haikujua mwendo wa pili, lakini kila alipofika juu ya kilima aligeuka akashuka kumfuata aliye nyuma. Kwa hiyo kila kilima alikipanda mara mbili. Wa nyuma nilikuwa mimi. Kwa hesabu ya miguu, Karani amekimbia mbio hizo mara mbili kila mwaka, na nusu ya pili ni juu yangu.

Nilipomwuliza kwa nini anajichosha hivyo, alinishangaa. Wanawake wa mtaa wao wana egesangio, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwa jirani. Kila mtu anachukua mstari wake. Katika egesangio ya Karani, anayemaliza kwanza haendi kukaa kando ya shamba. Anageuka, anaingia kwenye mstari wa yule aliyebaki nyuma, analima kumwelekea mpaka majembe yao yakutane. "Sasa nikifika huko juu nikae nifanye nini?" akaniuliza. "Nikuangalie?"

Mazoezi yetu yalikuwa Jumanne na Alhamisi alfajiri. Wikendi yetu ilikuwa imegawanywa na Mungu: Karani na Nyaboke ni Wasabato, Jumamosi hawafanyi kitu, mimi na Ombati ni Wakatoliki, na paroko wetu anajua nani hakuja Jumapili. Waandaaji nao walipata taabu hiyohiyo, wakaishia kuweka mbio siku ya mapumziko ya taifa, ambayo haina dini.

Alfajiri ya kwanza kabisa tulipotoka kukimbia, tulifika kwenye daraja tukiwa watu kumi na mmoja. Huku kwetu ukiona watu wazima wanne wanakimbia kabla ya jua kutoka, unajua kuna mwizi au ng'ombe amefunguliwa. Watu walitoka vibandani, mmoja na jembe, mwingine na mwiko wa ugali, wakaungana nasi bila kuuliza. Mzee mmoja mwenye gamu buti alinifikia ubavuni.

"Ameibia nani?"

"Hakuna mwizi, mzee. Tunafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kukimbia."

Alikimbia hatua kadhaa akilifikiria jibu hilo. "Nani anawafukuza?"

Karani, aliyekuwa mbele, akamjibu bila kugeuka kwamba hakuna anayetufukuza, tunakimbia tu. Yule mzee akasema kwa kuwa ameshatoka basi atafika nasi mpaka darajani, na kweli alifika, na alifika kabla yangu. Tangu siku hiyo kila Jumanne alikuwa mlangoni kwake, anauliza kama mwizi ameshapatikana.

Jina la timu yetu pia lina hadithi, na Karani ndiye mwenye makosa, ingawa hakuwahi kukiri. Usajili ulifanywa kwa simu. Dada aliyepokea alikuwa mgeni wa huku, anaongea Kiswahili laini cha mbali. Akauliza jina la timu. Sisi tulikuwa tumesimama chini ya paa la kituo tukibishana: Ombati anataka Simba wa Keroka, Nyaboke anasema hilo jina ni la bendi ya matanga, mimi nasema tupige kura. Karani akatugeukia na simu sikioni, akasema kwa Kigusii, "Ganya ake." Maana yake, ngoja kidogo. Yule dada akasema asante, nimeandika, akakata.

Siku ya mbio tulipewa fulana, na mgongoni kwa herufi kubwa kulikuwa kumechapwa GANYA AKE. Timu zilizokuwa nyuma yetu, kwa muda mfupi zilipokuwa nyuma, zilikimbia zikisoma migongo minne inayowaambia ngoja kidogo. Keroka watu walitoka madukani kutuangalia. Makondakta waliacha kuita abiria wakatuita sisi. Mama mmoja muuza nyanya alituuliza tunamngoja nani, na Ombati akanionyesha mimi kwa kidole. Mwaka uliofuata dada yule alipiga akauliza kama tungependa kubadilisha. Karani akasema hapana, watu wameshatuzoea.

Mkasa wa "Baba" ulitokea bwawani, mwaka wetu wa pili. Karani aliogopa maji. Alikuwa mtu wa mlimani, na kina chochote kilichopita magoti alikihesabu kuwa bahari. Katika boti alikaa katikati, akafumba macho, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyotusaidia kupiga kasia kwa mpigo mmoja. Siku hiyo Ombati aligeuka kuangalia kitu, boti ikageuka naye, na sote tukamwagika. Nyaboke alipoibuka na kutomwona Karani alipiga kelele kwa Kiswahili ili waokoaji waelewe: "Baba amezama!"

Sasa, kwa Kigusii baba ni mama. Baba yako ni tata. Lakini waokoaji walikuwa vijana wa mjini kutoka nje, na wakajitosa kumtafuta mzee. Walizunguka kila mahali. Karani alikuwa amesimama pembeni yao, maji yamemfika kiunoni, sketi imefura juu ya maji, anawauliza wamepoteza nini. Mmoja wao akamwambia, "Mama, tafadhali toka hapo, tunatafuta baba." Akatoka. Alikaa ukingoni akikamua sketi na kuwaonea huruma watu wa huyo mzee, mpaka Nyaboke alipomrukia shingoni akilia. Tulipoteza muda mwingi sana hapo, maana waokoaji hawakukubali kuondoka kabla hawajaelezwa somo zima la Kigusii.

Nimeitaja sketi. Alikimbia na suruali ya michezo, na juu yake sketi, na juu ya sketi leso iliyofungwa kiunoni. Mwanamke wa umri wake, alisema, hawezi kupita mbele ya nyumba za watu na suruali tu, kama amekatwa nusu. Wazee wengine wa kanisa walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu shemasi anayeendesha baiskeli, na sketi ilikuwa jibu lake. Ndani ya leso alifunga karanga za kukaanga, ndizi mbivu na viazi vitamu vilivyochemshwa. Nyaboke aliwahi kuleta pakiti za ule uji mtamu wa wanariadha unaofyonzwa kutoka kwenye karatasi. Karani alionja, akasema, "Hii ni dawa ya kikohozi," akampa kiazi.

Watu wananiuliza sana, hasa mke wangu Kerubo, kwa nini mtu mwenye kazi ya ofisi na mgongo unaouma anaamka gizani kwenda kuteseka na watu ambao si jamaa zake. Zamani nilijibu kwamba ni afya. Siyo afya. Kupunguza mwili ningeweza kupunguza kwa kula kidogo, na Kerubo ameshaniambia hivyo mara nyingi.

Mimi nauza bima mjini Kisii. Watu hunijia wakishaumia, gari likishagonga, nyumba ikishaungua, na kazi yangu kubwa ni kuwaambia walete karatasi nyingine. Ofisini kila mtu ana mlango wake na mwisho wa mwezi wake. Hakuna anayejua kama leo umeamka na nguvu au huna. Mwaka wa kwanza wa mbio, katikati ya chai ya Nyamira, misuli ya mapaja yangu ilikaza nikaanguka kati ya mistari, na mfuko wa mchanga ulikuwa zamu yangu. Nilisubiri waniseme. Karani alishuka kutoka juu, akauvua ule mfuko mgongoni kwangu kama mtu anayemvua mtoto koti, akampa Ombati. Nyaboke akaninyoosha mguu. Kisha wakakaa pale kwenye udongo pamoja nami, wakala karanga, wakazungumza habari za bei ya mbolea, huku saa yetu ikiyeyuka. Nililia. Nilisema ni jasho, na Ombati naye alisema ana jasho. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na swali kwa nini ninaenda. Kule hakuna mtu anayejiuliza kama anahitajika, maana bila wewe hesabu haitimii.

Mwaka huo wa kwanza tulifika Manga mahema yakikunjwa. Wa pili ni ule wa bwawa. Wa tatu mvua ilinyesha tangu Keroka, na baiskeli ya Ombati ikakatika fremu. Ombati alisema tumwache, tumalize watatu, aende zake bucha. Karani alimwambia abebe baiskeli.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichonikera kwa Karani, na lazima nikiseme. Alisaidia kila mtu na hakukubali kusaidiwa na yeyote. Mfuko wa mchanga aliubeba kupita zamu yake. Goti lilipoanza kumsumbua alijifunza kuchechemea wakati hatumwangalii tu. Siku moja kwenye gogo la kuvukia kijito, Ombati alimnyooshea mkono. Karani aliutazama ule mkono mkubwa wa bucha, akasema, "Huo weka kwa mfuko," akapita peke yake, akateleza, akaingia kwenye matope mpaka mapajani. Hata kutoka alitoka mwenyewe. Ilichukua muda na sote tulilazimika kuangalia pembeni.

Nilimwambia mara moja kwamba hiyo egesangio yake ina upande mmoja. Akasema mimi ni mtu wa bima, nishughulike na bima.

Mwaka wa nne tulikuwa tumeiva. Mimi nilikuwa nimefika themanini bila gunia. Mnyororo haukukatika, boti haikugeuka, na Karani aliimba nyimbo tatu tu kabla hatujagusa ng'ambo. Tulifika chini ya mwamba wa Manga saa tisa na robo, na Nyaboke alipoangalia saa yake alianza kucheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tungeweza kutembea tu, polepole, na bado tukaigusa kamba.

Tulikuwa katikati ya mwamba goti lilipokataa. Nilisikia, maana kwa mara ya kwanza katika miaka minne Karani alikuwa nyuma yangu. Alikaa juu ya jiwe, akanyoosha mguu, akaugusa, akajua. Uso wake haukuonyesha maumivu, ulionyesha hasira.

"Endeni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema endeni. Hii goti imekufa. Nyinyi ni watatu, majina itaandikwa. Mimi nitashuka na gari ya madaktari."

"Karani," nikasema, "tuna nusu saa."

"Ndiyo maana nasema endeni sasa."

Ombati alikuwa ameshavua mfuko wake wa mgongoni. Nyaboke alifungua ile leso kiunoni mwa Karani bila kuomba ruhusa, akaizungusha kwapani mwake, akanipa ncha moja. Karani alitutukana. Sikujua kwamba shemasi wa Kisabato ana maneno hayo, na mengine sikuwa nimeyasikia tangu nikichunga mbuzi. Alisema sisi ni wajinga, alisema tunamwaibisha, alisema yeye ndiye kapteni na anatoa amri. Tulimvuta. Hatua tano, tunapumzika, hatua tano. Kila tulipopumzika alituambia saa.

Tulifika juu saa kumi na dakika sita. Kamba ilikuwa imekunjwa kwenye bega la kijana mmoja, na mwandishi alikuwa amefunga kitabu. Tulimsihi. Alikuwa kijana mzuri, aliona huruma, lakini sheria ni sheria, na Karani mwenyewe ndiye aliyetunyamazisha. "Mwacheni afanye kazi yake," akasema. Miaka yote amewaambia akina mama kwamba mizani haijui jirani, asingeweza kugeuka siku hiyo.

Alikataa kupanda gari moja nasi. Kabla mlango haujafungwa alisema jambo ambalo lilinikaa moyoni kwa miezi: "Mngekuwa na majina matatu. Sasa hamna hata moja, na ni kwa sababu yangu."

Baada ya hapo hakuzungumza nasi. Nilipopeleka majani alitaja kilo, akatoa moja ya gunia, akaita anayefuata. Nyaboke alimpigia simu mara nyingi. Ombati alimpelekea maini mazuri, akayapokea kwa mkono wa mkaza mwanawe na hakutoka nje. Nilikasirika, kisha nikahuzunika, kisha nikaanza kuogopa kwamba tumempoteza kabisa kwa kufanya lile alilotufundisha mwenyewe.

Mwezi uliopita Nyaboke alinipigia kusema Karani amefanyiwa upasuaji wa goti na yuko nyumbani. Tulienda sote watatu, bila kutoa taarifa, na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli ya Ombati. Tulimkuta barazani, mguu juu ya kiti, amepungua. Alitutazama, akaziangalia zile ndizi, akasema hazijakomaa. Nikajua tumesamehewa nusu.

Tulikunywa chai. Mkaza mwanawe akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeshtaki, kwamba hospitalini wamemwagiza atembee kutoka mlangoni hadi kwenye lango na kurudi, kila siku, bila kukaa. Boma lao liko kwenye mteremko na lango liko juu barabarani. "Hataki kuonekana," akasema. "Anangoja watu waende soko, ndio anajaribu. Hajafika hata siku moja."

"Wewe peleka vikombe," Karani akamwambia.

Kisha akachukua magongo yake, akasimama. Tukasimama nasi.

"Kaeni mnywe chai."

Hatukukaa.

"Nimesema mkae."

Ombati akaweka kikombe chini. Karani alitutazama mmoja mmoja, muda mrefu, na nilidhani atatufukuza. "Basi kujeni," akasema. "Lakini hakuna mtu ananishika."

Tukaenda, wanne, kwa mwendo wake. Njia ile haifiki hatua mia moja, na mimi nimepanda Manga, lakini sijawahi kuona mlima mrefu kama ule. Nyaboke alikuwa kushoto, Ombati nyuma kidogo akijifanya anakagua migomba. Kwenye mparachichi Karani alisimama. Jasho lilimshuka puani. Alijaribu kuinua gongo na gongo likateleza kwenye majani mabichi, na mkono wangu ukatoka wenyewe kabla sijafikiri.

Aliutazama. Nilikuwa tayari kuambiwa niuweke mfukoni. Alivuta pumzi, akampa Nyaboke lile gongo, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akaegemea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Ombati akaja upande wa pili, na hakufukuzwa.

Tulifika langoni. Karani aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akahakikisha tupo wote. Halafu akaweka kiganja chake kwenye chuma cha lango.

"Guseni," akasema.

Tukagusa. Chuma kilikuwa na moto wa jua la mchana.

"Saa ngapi?"

Nyaboke alijaribu kusoma saa yake akashindwa, macho yalikuwa yamejaa. Ombati akaichungulia. "Kumi kasorobo," akasema.

Karani akanigeukia mimi. "Andika."

Sikuwa na kalamu. Nilitoa simu, nikaandika majina manne, lake la kwanza. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri, akasoma kwa midomo. Akasema jina la Ombati lina herufi imekosekana, akanirudishia simu, akangoja pale langoni, akiwa bado amenishika mkono, mpaka nikarekebisha.